Nani Aliyeitoa Tarehe Hii? Historia ya Neno la Kiingereza 'Antedate' na Funzo Lake kwa Mhakiki wa Fasihi ya Kiswahili

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, huenda ukashangaa kuona neno la Kiingereza likipewa nafasi katika kurasa za uhakiki wa fasihi ya Kiswahili. Sababu ipo. Neno lenyewe ni 'antedate', na maana yake ya msingi ni kukipa kitu tarehe ya nyuma kuliko tarehe yake halisi. Jambo hilo tunalifanya mara nyingi madarasani bila kujua. Utungo wa karne ya 20 tunauita wa kale, na mshairi wa kale tunampima kwa kanuni zilizowekwa baada ya yeye kufa. Makala haya yanafuatilia historia ya neno hilo, kisha yanaonyesha jinsi historia hiyo inavyoweza kutusaidia kuepuka makosa mawili ya uhakiki.

Asili ya neno

Neno hili lina sehemu mbili za Kilatini. Ya kwanza, 'ante', maana yake ni 'kabla'. Ya pili, 'date', ina kisa kirefu zaidi. Warumi walipoandika barua walitia neno 'data', yaani 'imetolewa', kisha wakataja mahali na siku ilipotolewa. Kadiri muda ulivyopita, neno hilo la kitendo likawa jina la siku yenyewe. Wafaransa walilirithi, nao Waingereza wakalipata kutoka kwao katika karne ya 14. Hata neno 'data' tunalolitumia leo kwa maana ya taarifa zilizokusanywa limetoka katika mzizi huohuo.

Linganisha na Kiswahili. Neno 'tarehe' tumelipata kutoka kwa Kiarabu, ambako neno 'tarikh' hubeba maana mbili kwa pamoja: siku iliyotajwa ya mwezi na mwaka, na pia habari za mambo yaliyopita, yaani historia. Asili ya Kilatini inatukumbusha kwamba tarehe ina mtu aliyeitoa. Asili ya Kiarabu inatukumbusha kwamba anayeichezea tarehe huichezea historia. Tukizishika maana hizi mbili, tutakuwa tumepata nusu ya somo letu.

Sura ya kwanza ya neno: hila

Katika Kiingereza neno hili lilianza kama nomino katika karne ya 15, likiwa na maana ya tarehe ya uongo iliyotangulizwa katika hati. Kitenzi kilifuata mwishoni mwa karne ya 16. Ni rahisi kuona kwa nini makarani na mawakili walilihitaji. Watu wawili wakidai shamba moja, mwenye hati ya zamani zaidi ndiye mwenye nguvu. Kwa hiyo mjanja huandika hati leo na kuitia tarehe ya miaka kumi iliyopita.

Usidhani, hata hivyo, kwamba kila tarehe iliyorudishwa nyuma ni wizi. Sheria ya Uingereza ya mwaka wa 1882 kuhusu hundi na hati za malipo inasema wazi kwamba hati haibatiliki kwa sababu tu imepewa tarehe ya nyuma au ya mbele. Washairi nao hawakuliacha neno hili kwa makarani peke yao. John Donne, aliyefariki mwaka wa 1631, alilitia katika shairi la mapenzi akizungumzia kiapo kipya kinachopewa tarehe ya zamani. Utaona kwamba istilahi kavu ya ofisini iligeuka kuwa sitiari ya usaliti wa wapendanao.

Mfano mashuhuri wa hila ya aina hii ni hati iitwayo Hiba ya Konstantino. Ilidaiwa kwamba mfalme wa Roma, Konstantino, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 4, alimkabidhi Papa Silvesta wa Kwanza mamlaka juu ya Roma na nchi za magharibi. Kwa karne nyingi hati hiyo ilitumiwa kama ushahidi katika mabishano ya madaraka. Mwaka wa 1440 msomi wa Italia, Lorenzo Valla, aliichambua na kuonyesha kwamba ni ya kughushi. Leo wataalamu huiweka katika karne ya 8 hivi.

Zingatia silaha aliyoitumia Valla. Pamoja na hoja zake za historia na sheria, aliichunguza lugha ya hati. Alionyesha kwamba Kilatini chake si Kilatini cha enzi ya Konstantino. Alitaja vyeo ambavyo Warumi wa wakati huo hawakuwa wakivitumia, na akauliza ni vipi hati hiyo inautaja mji wa Konstantinopoli kama makao makuu ya kanisa ilhali wakati unaodaiwa mji huo ulikuwa bado haujaanzishwa. Kwa maneno mengine, Valla alifanya kazi ileile tunayowafundisha wanafunzi wetu: kuusoma utungo kwa makini na kuuliza iwapo lugha yake inaafikiana na wakati wake.

Sura ya pili ya neno: ugunduzi

Katika karne ya 19 neno hili lilipata heshima mpya. Mwaka wa 1857 Richard Chenevix Trench aliwasomea wanachama wa Chama cha Filolojia cha London mada kuhusu upungufu wa kamusi za Kiingereza. Mojawapo ya malalamiko yake ni kwamba kamusi hazikuonyesha neno lilianza kutumika lini na kwa ushahidi gani. Kutokana na fikra hizo ilizaliwa kamusi kubwa ya Oxford. James Murray alianza kuihariri mwaka wa 1879, na wasomaji wa kujitolea wakamtumia vikaratasi vyenye nukuu kutoka vitabu vya kila aina. Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka wa 1884, ikaishia kwenye neno 'ant', yaani sisimizi. Neno letu likasubiri sehemu ya pili, iliyotoka mwaka wa 1885. Kazi nzima ilikamilika mwaka wa 1928, miaka 13 baada ya kifo cha Murray.

Katika kamusi hiyo kila neno huandamana na nukuu zenye tarehe, kuanzia ile ya kale zaidi iliyopatikana. Basi msomaji yeyote akipata nukuu ya zamani zaidi, huirudisha nyuma tarehe ya neno hilo. Kitendo hichohicho ambacho kwa wakili kilinuka hila, kwa mwanakamusi kimekuwa ugunduzi wa kupongezwa. Tofauti iko kwenye ushahidi tu. Mghushi hurudisha tarehe nyuma kwa kalamu yake, naye mtafiti huirudisha kwa maandishi ya mtu mwingine.

Ugunduzi huo umewapunguzia sifa hata wakubwa. Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba Shakespeare alibuni maneno mengi mno, kwa kuwa kamusi ilimtaja kuwa wa kwanza kuyatumia. Mwaka wa 1980 Jürgen Schäfer alionyesha kwamba sehemu ya sifa hiyo ilitokana na tabia ya wasomaji wa kamusi. Walizisoma kazi za Shakespeare kwa makini sana na za wenzake kwa haraka. Mengi ya maneno hayo yalikuwa yameshaandikwa na wengine kabla yake. Kwa hiyo tarehe ya kwanza inayojulikana haimaanishi tarehe ya kuzaliwa kwa neno. Inatuambia tu kwamba kufikia mwaka huo neno lilikuwepo.

Kosa la kwanza: kuchanganya tarehe za utungo mmoja

Sasa turudi nyumbani. Utungo mmoja unaweza kuwa na tarehe nne: ya tukio linalosimuliwa, ya kutungwa, ya nakala tuliyonayo na ya kuchapishwa. Chukua Utendi wa Tambuka wa Mwengo bin Athumani wa Pate. Msafara wa Tabuki unaohusishwa na utendi huo ulikuwa wa mwaka wa 630. Utendi wenyewe huwekwa mwaka wa 1728, kutokana na mwaka wa 1141 Hijria. Kati ya tukio na utungo kuna takribani miaka 1100! Tena mwaka huo wa Hijria ulianza Agosti 1728 na kuisha Julai 1729, kwa hiyo hata namba '1728' ni makadirio yenye mwanya.

Fumo Liyongo ndiye anayewatatiza watahiniwa zaidi. Kuhusu uhai wake wataalamu wametofautiana sana. Wapo waliomweka mapema kama karne ya 9 na wapo waliomsogeza hadi karibu na mwaka wa 1600. Utenzi wa Fumo Liyongo, hata hivyo, ulitungwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka wa 1913. Mtahiniwa anayeandika kwamba utenzi huo ni wa karne ya 13 kwa sababu shujaa wake ni wa karne ya 13 amefanya kosa la hati ya Konstantino, japo hakukusudia hila.

Je, masimulizi ya Liyongo yanaweza kurudishwa nyuma kwa haki? Naam. Edward Steere alichapisha habari za Liyongo pamoja na mashairi yanayonasibishwa naye katika kitabu chake cha hadithi za Kiswahili cha mwaka wa 1870. Hapo tumerudi nyuma miaka 43 tukiwa na kitabu mkononi. Tukitaka kwenda mbali zaidi, sharti tutoe ushahidi mwingine.

Lugha pia inaweza kutusaidia, kama ilivyomsaidia Valla. Tunapoisimulia mighani hii darasani, kwa kawaida tunasema Liyongo alitiwa gerezani. Neno 'gereza' linatokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa, nao Wareno walifika Mombasa mwaka wa 1498. Maneno 'meza', 'bendera' na 'leso' pia yana asili ya Kireno. Kwa hivyo, kauli yoyote yenye neno 'gereza' haiwezi kuwa imetamkwa hivyo katika karne ya 13. Lakini usiharakishe kusema kwamba kisa chote ni cha baada ya Wareno. Msimulizi au mnakili hutumia maneno ya wakati wake hata anaposimulia mambo ya kale. Neno geni hutoa ushahidi juu ya kauli iliyo mbele yetu, na huenda lisitoe ushahidi wowote juu ya chimbuko la kisa.

Kosa la pili: kukirudisha nyuma Kiswahili sanifu

Kosa hili ni la hila zaidi kwa kuwa halina namba. Mtahiniwa anapewa beti za kale na kuulizwa aeleze uhuru wa mshairi. Anakutana na 'mato', 'nti' na 'ndia', kisha anaandika kwamba mshairi ameyaharibu maneno 'macho', 'nchi' na 'njia' ili kupata vina au mizani. Simama hapo, mwalimu, kabla ya kutia alama ya vema.

Utendi wa Mwana Kupona ulitungwa mwaka wa 1858. Mkutano wa Mombasa uliopendekeza Kiunguja kiwe msingi wa usanifishaji ulifanyika mwaka wa 1928, na kamati ya lugha ikaanza kazi mwaka wa 1930. Mwana Kupona hakuwa na Kiswahili sanifu cha kukiuka. Aliandika lugha ya nyumbani kwake, lahaja ya kaskazini mwa pwani, na katika lahaja hiyo 'mato' ni neno kamili lisilopungua chochote. Kusema kwamba alilibadilisha ni kukipa Kiswahili sanifu tarehe ya nyuma kwa miaka 70, na kumfanya mwenye lugha aonekane mkosaji katika lugha yake mwenyewe.

Hali ni tofauti kwa mshairi aliyesomea Kiswahili sanifu ambaye katika shairi lake anachagua 'mato' badala ya 'macho'. Huyo ana maneno mawili mbele yake na amechagua moja, na hapo tunaweza kuzungumzia uhuru wa mshairi na matumizi ya lahaja. Neno ni lilelile, lakini jibu hubadilika kwa sababu ya tarehe.

Hitimisho

Neno 'antedate' limesafiri kutoka kwa mghushi wa hati hadi kwa mtafiti wa kamusi. Somo lake kwetu ni fupi. Kila unapoandika mwaka kando ya utungo, jiulize: hii ni tarehe ya nini kati ya zile nne? Nani aliyeitoa? Aliitoa kwa ushahidi gani? Fasihi ya Kiswahili ina ukale wa kutosha, haihitaji kuongezewa miaka ya bandia. Tukiirudisha nyuma kwa ushahidi, hakuna atakayetupokonya hata mwaka mmoja.

Maswali ya kudurusu

1. Taja tarehe nne zinazoweza kuhusishwa na utungo mmoja, kisha utoe mfano wa kila moja.
2. "Neno la mkopo katika masimulizi si thibitisho la umri wa masimulizi hayo." Jadili ukirejelea mighani ya Fumo Liyongo.
3. Eleza kwa nini neno 'mato' linaweza kuwa mfano wa uhuru wa mshairi katika shairi moja na lisiwe mfano wa uhuru huo katika jingine.