Saab: kiwanda kilikufa, gari zikabaki

Hapa kwetu Goma mtu anayetafuta gari iliyotumika haanzi na rangi. Anamuuliza fundi kwanza: "Piesi zake zinapatikana?" Ndiyo maana barabara zetu zimejaa Toyota. Leo tunawapa historia ya gari ya mbali ambayo swali hilo lilitaka kuiua: Saab, ya inchi ya Uswidi.

Saab ilianzishwa mwaka 1937 kutengeneza ndege za jeshi. Vita Kuu ya Pili ilipoisha, ndege za vita hazikuhitajika tena kwa wingi, basi mainjinia wakageukia gari. Mwezi Desemba 1949, Saab 92 ikaanza kutoka kiwandani katika mji wa Trollhättan, ikiwa na umbo kama bawa la ndege.

Iliyopata jina kubwa ni Saab 900, iliyozaliwa mwaka 1978. Wengi waliipenda kwa ajili ya turbo: moshi wa injini unazungusha feni inayosukuma hewa zaidi ndani, na injini ndogo inapata nguvu ya injini kubwa. Ufunguo wake hauingizwi karibu na usukani, bali chini, katikati ya viti vya mbele, ili usivunje goti la dereva gari ikigonga.

Lakini kiwanda kilikuwa kidogo mbele ya wakubwa. General Motors ya Marekani ilinunua nusu yake mwaka 1990, ikamaliza kuinunua mwaka 2000, kisha mwaka 2010 ikaiuzia Spyker, kampuni ndogo ya Uholanzi. Mwaka uliofuata pesa zilikosekana. Waliokuwa wakileta vyuma hawakulipwa, kazi ikasimama. Tarehe 19 Desemba 2011 Saab ikafilisika. Wafanyakazi zaidi ya 3,000 walipoteza kazi, siku chache mbele ya Noeli.

Wenye gari wakaingiwa na hofu, na bei ya Saab iliyotumika ikaanguka. Nani atatoa pesa kwa gari ambayo ni yatima?

Kilichookoa gari hizo ni deni. Serikali ya Uswidi ilikuwa imedhamini mkopo ambao Saab ilipewa na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, na kampuni ya piesi iliwekwa rehani. Mkopo uliposhindikana kulipwa, serikali ikaichukua kampuni hiyo. Baadaye ikaitwa Orio, nayo ikaendelea kuuza piesi. Hata gari za makumbusho ya Trollhättan, zilizokuwa karibu kutawanywa kwa wanunuzi mwaka 2012, zilinunuliwa kwa msaada wa mji wenyewe ili zibaki nyumbani.

Leo Saab 900 Turbo iliyotunzwa vizuri, hasa yenye paa la kukunjwa, inatafutwa na ina bei nzuri. Iliyoliwa na kutu inafunguliwa ili piesi zake ziponyeshe nyingine.

Kwa familia iliyokimbia vita na kuweka dola zake za mwisho ndani ya gari ya teksi, jambo hili si la Wazungu peke yao. Ukiambiwa gari ni rahisi kwa sababu kiwanda chake kimefungwa, usikimbie, wala usitoe pesa haraka. Uliza nani ameshika piesi, na fundi gani anaijua. Jibu likikosekana, rudi na dola zako nyumbani.