Makombo ya Kasesya

Dereva wa lori anayesubiri kuvuka mpaka wa Kasesya hana kazi nyingi. Anapiga soga, anakagua turubai, anakula. Akishiba, tonge la mwisho la ugali analirusha kando ya barabara, kunguru wanaligombania, watu wanacheka. Likizo moja nilikuwa kwa mama mdogo, aliyekuwa akiuza chakula hapo, na mimi pia nilirusha. Kulikuwa na kunguru mmoja, wa wale wenye kola nyeupe, aliyenizoea hadi akawa anafika miguuni pangu. Nilimwokotea punje za mahindi zilizodondoka kwenye malori. Nilijiona mtu mwema.

Kunguru huondoka jua likizama. Wanachobakiza hubaki pale pale.

Mwezi wa pili wa likizo, mama mdogo aliinua gunia chumbani, punje zikamwagika miguuni pake. Kona ilikuwa imetobolewa. Alikuwa na magunia sita, akisubiri bei ipande. Matatu yakaharibika, mengine kwa kuliwa, mengine kwa mkojo, na ndiyo yaliyokuwa ada ya shule ya binti yake.

“Hawa panya wametoka wapi, mwanangu?” aliniuliza. Sikumjibu, ingawa wakati huo nilikuwa nimeshika punje za kunguru wangu mkononi.

Jibu refu linaanzia baharini. Panya mweusi wa majumbani, Rattus rattus, si mwenyeji wa Afrika. Asili yake ni kusini mwa Asia. Mifupa yake imechimbuliwa Unguja Ukuu, bandari iliyokuwa ikifanya biashara ng’ambo ya bahari zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Alisafiri na vyombo kwa sababu vyombo vilikuwa na chakula, akashuka kwa sababu bandari nayo ilikuwa na chakula. Huku bara kulikuwa tayari na panya shamba, mzaliwa wa hapa hapa, ambaye hakuhitaji kuletwa na mtu. Jike lake hubeba mimba siku kama 23, na kuzaa watoto kumi kwa mkupuo mmoja kwake ni jambo la kawaida. Mpe chakula cha uhakika kila usiku, halafu piga hesabu mwenyewe.

Kuna kisa cha Zanzibar ambacho kila nikikifikiria namkumbuka kunguru wangu. Miaka ya 1890 taka zilikuwa zimezidi mjini, na Waingereza waliokuwa wakitawala wakaona dawa ni kuleta kunguru wa India, yule mwenye shingo ya kijivu, ale uchafu. Kunguru alikula, akazaa, akavuka hadi Dar es Salaam na Mombasa, na alipofika huko akala pia mayai na makinda ya ndege wenyeji. Mji haukusafika kwa sababu yake. Zaidi ya karne moja baadaye Dar es Salaam ilikuwa ikimtegea sumu, na mwaka 2024 Kenya ikatangaza mpango wa kuua kunguru milioni moja. Watu walidhani wameajiri mfagizi, kumbe wameandaa meza, na mezani hapo hakuna aliyemzuia panya kuja zamu ya usiku. (London nayo ilipiga marufuku kulisha njiwa katika uwanja wa Trafalgar mwaka 2003, kwa hiyo si sisi tu.)

Lakini hasara ya panya haiishii kwenye magunia. Mwaka 1897 Wajerumani walisikia habari za ugonjwa uliokuwa ukiua watu Kiziba, magharibi mwa Ziwa Victoria. Robert Koch, aliyekuwa katika koloni wakati huo, alithibitisha kwamba ni tauni. Wenyeji hawakuhitaji maabara ili kujua la kufanya: panya wakianza kufa ndani ya nyumba, watu walihama. Mwaka 1898 Paul-Louis Simond, daktari Mfaransa, akiwa Karachi, alionyesha kwamba kiroboto ndiye anayeuhamisha ugonjwa kutoka kwa panya. Watu wa Kiziba walikuwa wameshaanza kukimbia kabla.

Tauni iliibuka Lushoto mwaka 1980 na ikawa inarudi kwa zaidi ya miaka 20, ikipata wagonjwa zaidi ya 7,000. Huko familia nyingi huweka mahindi darini, juu ya vichwa vya wanaolala. Siwalaumu. Mahindi yakikaa nje yanaibiwa, yakikaa ndani yanamwita panya.

Kihenge cha bibi yangu kilisimama nje, juu ya nguzo, na chini yake pakifagiliwa kila asubuhi. Mama mdogo hakuwa na uwanja wa kihenge. Alikuwa na chumba kimoja cha kupanga kando ya barabara inayopitisha mahindi ya Ufipa kwenda Zambia, na kila lori linalotikisika humwaga kidogo. Serikali inapofunga usafirishaji wa mahindi nje, kama ilivyofanya 2011 na 2017, mzigo unabaki upande huu, kwenye vyumba kama chake.

Aliweka sumu. Wiki hiyo paka wa jirani alikufa, na ujirani nao ukaingia doa. Baada ya hapo ndipo nilipomwambia habari za punje. Hakunigombeza. Alichukua ndoo yenye mfuniko, akaiweka mlangoni, akawaambia madereva makombo yote yaingie humo, kuna mtu anafuga nguruwe atakuja kuyachukua. Baadhi walitii. Wengine walisubiri ageuke, kisha wakarusha.

Kesho yake kunguru wangu alikuja saa ile ile. Alisimama mbele yangu, akainamisha kichwa upande, akangoja. Nilivua kandambili nikamtupia, ikamkosa. Akaruka hadi juu ya turubai la lori lililofuata kwenye foleni.