Mwalimu wa Fundi

Hapa Ikungi tulizoea kuiona shule kuwa njia ya kwenda ofisini, na fundi akahesabiwa mtu aliyeshindwa mtihani. Fikra hiyo ni ya zamani. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilikuwa na shule za ufundi Ifunda na Moshi, lakini heshima ilibaki kwa karani. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Mwaka 1975 vikaanza Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kwa mfano wa Uswidi, na mwaka 1994 sheria ikaunda VETA, waajiri wakachangia gharama za mafunzo.

Mimi niliyefundisha walimu natazama jambo moja. Mashine ya kukereza chuma inayoongozwa na kompyuta hununuliwa kwa fedha. Mwalimu wake huandaliwa kwa miaka. Sharti awe ameshika tupa na jiliwa, atambue kwa sikio chuma kinapokatwa vibaya, kisha ajue hesabu za kuiamuru mashine. Morogoro kipo chuo cha kuandaa walimu wa ufundi stadi. Basi, ndugu msomaji, kabla hatujauliza chuo kina mashine ngapi, tuulize kina walimu wangapi.