Tui, mnywa mbochi wa New Zealand

Mtazame ndege huyu kwa mbali utasema mweusi. Jua likimpiga, manyoya yanageuka kijani, samawati na zambarau, na kooni vinaning'inia vishada viwili vyeupe. Walowezi wa Kizungu waliviona kama kola ya mchungaji wa kanisa, wakamwita ndege mchungaji. Jina la wenyeji Wamaori, tui, ndilo lililodumu.

Ncha ya ulimi wake imechanika nyuzinyuzi kama brashi, nao huramba mbochi uliojificha ndani ya ua. Akichomoka kwenye maua ya harakeke, mmea wa kambakamba, paji lake limepakwa chavua ya rangi ya machungwa, ambayo huipeleka kwenye ua linalofuata. Hufanana tabia na chozi wetu wa Afrika, ila si ndugu: kila mmoja aliufikia mbochi kwa njia yake.

Na sauti! Kiungo chake cha sauti hutoa milio miwili kwa pamoja. Kengele, kikohozi, mkwaruzo, vyote vimo katika wimbo mmoja. Huiga pia: Wamaori waliwafuga tui na kuwafundisha kutamka maneno, hata salamu za kupokea wageni.

Jike hujenga kiota na kuatamia peke yake. Adui wakubwa ni panya, vicheche na posumu (possum) walioletwa na binadamu. Mjini Wellington tui walikuwa adimu miaka ya 1990. Leo, baada ya wanyama hao kudhibitiwa, huimba hadi bustanini mwa watu.