Kutoka Jani hadi Sindano: Historia ya Kubadilishwa kwa Artemisinini

Mgonjwa wa malaria anayepewa dawa ya mseto katika zahanati za Kenya, Uganda au Tanzania hamezi kile kilichomo katika jani la artemisia. Anameza artemeta, kampaundi iliyopatikana maabara kwa kuibadilisha artemisinini ya jani hilo. Tofauti hii hupuuzwa mara nyingi katika mijadala ya sera za mitishamba katika ukanda wetu.

Mradi 523 ulianzishwa nchini China tarehe 23 Mei 1967, wakati wa vita vya Vietnam, ambako malaria sugu kwa klorokwini iliwaangusha askari wengi. Tu Youyou na wenzake mjini Beijing walipekua maandiko ya tiba ya jadi. Ge Hong, mwandishi wa karne ya 4, aliagiza mmea ulowekwe majini, hakutaja kuuchemsha. Tu akatambua kuwa joto huharibu dawa, akatumia etha. Dondoo la mwaka 1971 liliponya panya, na mwaka 1972 fuwele safi zikapatikana. Masimulizi mengi hukomea hapo, yakirukia Tuzo ya Nobeli ya 2015.

Hata hivyo, artemisinini haiyeyuki vyema katika maji wala katika mafuta. Kuitengenezea sindano kulikuwa kazi ngumu. Mwaka 1973 Tu, akikusudia kuthibitisha tu muundo wa molekuli hiyo, aliitendea kwa sodiamu borohaidridi. Akapata dihaidroartemisinini, iliyo kali zaidi dhidi ya vimelea. Daraja la atomi mbili za oksijeni, ambalo ndilo chanzo cha nguvu ya dawa, lilisalimika. Zaidi ya hayo, molekuli ilipata kikundi cha haidroksili, yaani mahali pa kuunganishia vitu vingine. Shanghai, Li Ying na wenzake wakaunganisha methili: ikawa artemeta, iyeyukayo katika mafuta. Guilin, Liu Xu akaunganisha asidi ya saksini: ikawa artesuneti, ambayo chumvi yake huyeyuka majini na kudungwa mshipani.

Thamani ya sindano hiyo ilipimwa kwetu. Jaribio lililochapishwa mwaka 2010 lilihusisha watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, zikiwemo Kenya, Rwanda, Tanzania na Uganda. Waliopewa artesuneti walifariki asilimia 8.5, waliopewa kwinini, asilimia 10.9. Kwinini nayo ni zao la mmea, lakini hutumika jinsi inavyotoka katika gome la mti wake, pasipo kubadilishwa molekuli.

Wakulima wa Kabale, wa Arusha na wa Kenya wamewahi kulima artemisia kwa ajili ya soko hili. Orodha zetu za mimea dawa ni ndefu na zinaendelea kurefushwa, na bajeti huzifuata. Lakini artemisinini ya mashamba hayo ilisafirishwa nje ya ukanda na kurudi ikiwa vidonge. Kazi ya kuibadilisha, ile iliyoanza na borohaidridi mwaka 1973, ilifanyika kwingine.