Msokoto wa tumbo (Rusizi, Rwanda)

Msokoto wa tumbo ni maumivu yanayobana na kuachia pale misuli ya utumbo, kizazi au njia ya mkojo inapojikaza. Ni dalili, si ugonjwa. Wilayani Rusizi, katika eneo la iliyokuwa Cyangugu, kusini mwa Ziwa Kivu, visababishi vyake vingi hupitia maji, udongo na mikono, na kwa hiyo vinazuilika.

Kuhara. Bakteria wa shigela huleta kuhara damu: tumbo hukata na haja haiishi. Amiba huleta dalili za namna hiyo, lakini dawa yake ni nyingine, hivyo choo kipimwe kabla ya kumeza vidonge. Kipindupindu, ambacho Julai 1994 kiliua maelfu ya wakimbizi wa Rwanda mjini Goma, huharisha maji mengi, mara nyingi bila tumbo kuuma sana; kinachokaza ni misuli ya miguu, kwa kupotea maji na chumvi.

Minyoo. Upimaji wa kitaifa wa 2007–2008 uliwakuta takriban theluthi mbili ya wanafunzi waliopimwa na minyoo ya udongoni. Minyoo ya mviringo ikijaa huweza kuziba utumbo wa mtoto. Kichocho cha utumbo huingia kupitia ngozi ndani ya maji yenye konokono wanaokibeba. Wavuvi na wakulima wa mpunga, zao kuu la bonde la Bugarama, ndio hukaa majini muda mrefu. Albendazoli huua minyoo ya udongoni. Kichocho huhitaji prazikwanteli.

Chakula na hedhi. Sukari za maharage zisizomeng'enywa huchacha utumboni na kuleta gesi. Kuyaloweka na kumwaga maji yake husaidia. Asiyevumilia maziwa mabichi huweza kustahimili *ikivuguto*, maziwa ya mgando, kwa kuwa kuchacha kumepunguza sukari yake. Wakati wa hedhi, kemikali za prostaglandini hukaza kizazi.

Dalili za hatari. Tumbo gumu kama ubao, kutapika nyongo, kushindwa kutoa choo na hewa, damu kwenye choo, homa kali, au maumivu ya ghafla kwa mwanamke aliyekosa hedhi, ambayo huenda ni mimba nje ya kizazi. Mgonjwa apelekwe upesi kituo cha afya au hospitali za Gihundwe na Mibilizi. Asipewe dawa ya kuharisha: utumbo ulioziba unaweza kupasuka.