Treni ya Ubungo, mgeni juu ya reli ya mizigo

Leo tuzungumzie kipande cha reli ambacho wakazi wengi wa Dar es Salaam hukivuka kwa miguu bila hata kukitazama. Ni tawi linalochepuka kutoka Reli ya Kati, likapita Tabata na Mabibo hadi Ubungo Maziwa.

Reli za jiji hili hazikujengwa kwa ajili ya watu wa jiji. Wajerumani walipoanza kujenga Reli ya Kati mwaka 1905, macho yao yalikuwa bara. Walifika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Dar es Salaam ilikuwa lango tu, mahali ambapo mazao yanashuka behewani na kupanda melini. Reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa msaada wa China ilikuwa na shabaha ya heshima zaidi, yaani kuipatia Zambia njia ya kusafirisha shaba yake bila kupita kwa makaburu na walowezi wa Rhodesia. Lakini nayo ilikuwa ya mizigo na ya safari ndefu. Tena Wachina waliilaza kwa upana wa milimeta 1,067, kama zilivyo reli za Zambia, wakati ya Mjerumani ina meta moja kamili. Tofauti hiyo haizidi vidole vinne vya mkono, lakini inatosha kulizuia behewa la huku lisiende kule.

Wakati huo mji ulikuwa ukitanuka. Sensa ya 1967 ilihesabu watu 272,821. Ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Watu hao walibebwa na mabasi ya UDA, na UDA ilipozidiwa, daladala zikaruhusiwa mwaka 1983. Reli iliwapita milangoni, na hapakuwa na treni ya kuwapeleka kazini.

Ndipo Oktoba 2012 Waziri wa Uchukuzi, Dk. Harrison Mwakyembe, alipozindua treni za abiria wa mjini: moja ya TRL kutoka Stesheni hadi Ubungo Maziwa, nyingine ya TAZARA kuelekea Mwakanga. Wananchi hawakusubiri jina rasmi. Wakaiita Treni ya Mwakyembe, kana kwamba waziri anaiendesha mwenyewe!

Watu waliipenda kwa sababu haikwami kwenye foleni. Hata hivyo, msikilizaji, treni ile ilikuwa mgeni juu ya reli ya mizigo. Njia ni moja, na treni mbili haziwezi kupishana ila kwenye stesheni yenye njia ya kupishania. Kila inapokatiza barabara, ama magari yasimame au treni ipunguze mwendo. Kwa hiyo safari ziliwekwa asubuhi na jioni, na mchana reli ikalala. Mama anayerudi sokoni saa saba mchana, au mlinzi anayetoka zamu usiku wa manane, hawezi kuitegemea treni ya namna hiyo. Wasemao kwamba watu hawaitumii reli wajiulize kwanza imepita mara ngapi kwa siku.

Mwaka 2016 treni ya Pugu ilianzishwa. Mwaka huohuo, mwezi Mei, mabasi ya mwendokasi yakaanza kupita Barabara ya Morogoro, jirani kabisa na mwisho wa reli ya Ubungo. Kisha mwaka 2021 stendi ya mabasi ya mikoani ikahamishiwa Mbezi, na Ubungo ikapoteza wasafiri wengi. Mwaka 2024 treni ya umeme ya SGR ilianza kwenda Morogoro na Dodoma, juu ya reli yake yenyewe yenye upana wa milimeta 1,435. Upande wa TAZARA, mwaka 2025 kampuni ya Kichina, CCECC, ilikubaliana na serikali zetu mbili kuikarabati na kuiendesha reli ile kwa miaka 30. Lengo kubwa ni mizigo, shaba ikiwa mbele. Abiria wa Mwakanga si mtu wa kwanza katika hesabu hizo.

Kwa maoni yangu, mali kubwa ya tawi la Ubungo si yale mataruma yake, wala yale mabehewa ya zamani. Ni ardhi. Huo ni ukanda ulionyooka kupita katikati ya Tabata na Mabibo, ambako leo huwezi kupata nafasi ya kupitisha hata barabara ya mtaa bila kubomoa nyumba na kulipa fidia. Ukanda usiopitiwa na treni huanza kuota meza za wauza nguo, halafu mabanda, halafu vyumba vya kupanga. Siku ya kuurudisha, anayeumia ni yule mpangaji, na machozi yake tumeshayaona katika bomoabomoa zilizopita.

Kabla mtu hajachora kitu kingine juu ya ramani ile, basi, na asimame Tabata Relini saa moja asubuhi, awahesabu watu waliosimama kituoni wakigombea daladala.